Papa Voyant na Taa ya Mawe

Pale Murara, mutaa wa Goma, ukiuliza nyumba ya Donat Kambale, watu watakuangalia tu. Uliza Papa Voyant, hata muuza makala, yale makaa ya kupikia, pale kona atakupeleka mpaka mulangoni. Voyant ndilo jina tunaloziita zile taa ndogo za mashini za umeme wa jua: ya kijani mambo yakiwa sawa, ya njano mashini ikianza kunung'unika, nyekundu ikikataa kazi na kujizima. Donat alizisoma taa hizo kama padri anavyosoma misale. Unamupigia simu, unasema, "Papa, inawaka nyekundu," na kabla hujamaliza yeye anauliza: inawaka moja kwa moja ao inapepesa? Inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika? Ukisema tatu, anakuambia batri zimechoka, zima frigo. Ukisema tano, anakuambia ni joto, ondoa ile mifuko ya unga uliyopanga juu ya mashini. Na kweli unakuta mifuko iko pale. Sisi watu wa Goma, sijui nani alituroga, tukiona kitu chenye joto lazima tuanike unga juu yake.

Alikuwa mutu mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, mwenye hasira za karibu na majivuno ya kutosha familia mbili. Alizaliwa Butembo. Baba yake alikuwa anasafirisha maharagi, na Donat alishuka Goma juu ya magunia hayo akiwa kijana, akaona muji, akaacha lori lirudi bila yeye. Akatengeneza radio, halafu simu, halafu umeme wa waya ulipokuwa unakuja na kuondoka bila kuaga, watu wakaanza kununua panneau, ndio zile mbao za jua za kuweka juu ya bati. Donat akapanda juu ya bati pamoja nazo. Muke wake Deborah alisema kwamba amemuona mume wake juu ya nyumba za watu zaidi kuliko ndani ya nyumba yake.

Sasa lazima nikuelezee habari ya mawe, maana bila mawe hutaelewa kitu. Kila mashini ya jua inataka waya mumoja uende ardhini. Sisi tunauita terre. Kazi yake ni hii: umeme ukitoroka mahali, uende kwenye udongo, usiende kwenye mutu. Unachukua chuma kirefu, unakipiga nyundo mpaka kinazama chote, unafunga waya, umemaliza. Kwa watu wenye udongo hiyo ni kazi ya dakika kumi. Goma hatuna udongo. Tuna mawe ya volkano, meusi, makali, chini yake mawe mengine. Unapiga chuma, chuma kinapinda, unabaki unaangaliana na mwenye nyumba. Basi mafundi wetu wanakisimamisha chuma ndani ya ndoo ya muchanga, au wanakilaza katikati ya mawe mawili ili tajiri wa nyumba aone kipo. Tajiri anaamini. Mashini haiamini. Inawasha nyekundu na kujizima.

Ndipo fundi anaposema lile neno letu: "Ni mawe tu." Anakata kipande cha waya, urefu wa kidole, anaunganisha misumari miwili ya kisanduku kidogo kinachozima mashini umeme ukitoroka, na mashini inatulia. Kazi hiyo inaitwa kufunga mudomo: mashini inafanya kazi, lakini haiwezi tena kulia umeme ukitoroka. Muji mzima umefungwa mudomo: maduka, makanisa, baa, nyumba za wakubwa. Donat hakuianzisha, lakini hakuna aliyeifanya upesi na safi kuliko yeye.

Na asiseme hakufundishwa. Injinia mumoja wa Bukavu, Birindwa, aliwahi kukaa nao juma zima katika sale, ukumbi wa parokia, mafundi ishirini na Donat mbele kabisa. Birindwa aliwaambia kwamba taa ile nyekundu isiyopepesa inalilia vitu viwili. Ikiwaka tangu siku ya kwanza na haizimi, basi ni mawe kweli, terre haipo. Lakini taa iliyokaa kijani mwaka mzima, halafu ikaanza kuwaka mvua ikinyesha na kutulia jua likitoka, hiyo si mawe. Kuna waya umechubuka mahali, unagusa bati, na maji yanausindikiza umeme kutembea. "Hapo musifunge kitu," Birindwa alisema. "Zimeni. Pandeni. Tenganisheni panneau moja moja na mupime, mpaka mupate mwenye kosa." Akawaonyesha pia namna ya kuyashinda mawe: unachimba shimo pana, unaleta udongo kutoka mbali, unachanganya na vumbi la makala, unazika shaba ndani na kumwagia maji kiangazi. Donat aliandika yote kwenye kaye, daftari lake. Mwaka wa kwanza aliwaambia watu habari ya shimo, wakamucheka usoni. Tumekuitia taa, Papa, unatuletea kaburi? Akaacha kuwaambia.

Shimo moja tu alilichimba, Keshero, kwenye kituo kidogo cha afya chenye materniti, wodi ya wanaojifungua. Mkubwa wa pale ni Marie-Claire, muforomo, yaani muuguzi, mwenye sauti ndogo na amri kubwa, na yeye hakucheka. Alisema, chimba. Donat akachimba siku mbili na patasi, akaweka udongo na makala, na mashini ya Keshero ikakaa kijani miezi kumi na saba. Alikuwa anapita pale bila kuitwa ili aiangalie tu. Ilikuwa kazi yake ya kujivunia.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa mbili asubuhi, Marie-Claire akamupigia simu.

"Papa Donat, kuya mbio. Mashini ya courant ya jua imejizima tena, na niko na mutoto kwa oksijeni."

"Tena? Imeanza lini?"

"Tangu wiki yenye imepita. Mvula ikinyesha asubuyi inazima, jua ikitoka inarudi yenyewe. Leo mvula imekatala kuisha."

Alisikia maneno hayo. Kila mara alipoyasimulia baadaye, hakujificha: aliyasikia, na moyo wake ulijua palepale.

Alipofika alikuta materniti giza na kimya. Kitandani kwa dirisha alikuwa amekaa mwanamuke mumoja, Élodie, binti wa milima ya Masisi, aliyekimbia na mume wake na kupanga chumba kule njia ya Lac Vert. Alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia. Mutoto alikuwa mapajani mwake, mudogo, mbavu zinaingia na kutoka, midomo imegeuka rangi ya majivu. Marie-Claire alikuwa anamupulizia hewa kwa kibofu cha mpira anachokiminya kwa mukono. Mashini ya oksijeni ilikuwa imesimama kando, imekufa. Groupe, ile jenereta ya mafuta, waliibeba watu siku zile za vita, mwezi wa kwanza, haikurudi. Chupa ya akiba ilikuwa tupu.

Donat akaenda kwenye ukuta. Nyekundu, moja kwa moja, bila kupepesa.

Njia ya Birindwa aliijua kwa moyo: panneau kumi na mbili, juu ya bati lenye maji, kutenganisha na kupima. Saa moja, labda saa moja na nusu. Akamuangalia Marie-Claire.

"Unaweza kupuliza mpaka saa ngapi?"

"Papa, miye mukono imeisha. Na iko mwengine anazaa kwa kile chumba. Funga mudomo tu, si muko munafanya ivyo muji yote?"

Élodie alimuangalia Donat, akamuangalia mutoto, akarudisha macho kwa Donat. Hakujua mudomo gani unafungwa. Alijua tu kwamba huyu muzee ndiye anayeombwa.

"Ni mawe tu," Donat alisema. Hakuamini hata kidogo. Maneno yalimutoka kwa mazoea, na mazoea yana taabu. Akakata kipande cha waya, akaunganisha misumari miwili, akasukuma kitufe. Kijani. Mashini ya oksijeni ikakohoa na kuanza kunguruma. Baada ya dakika chache midomo ya yule mutoto ikaanza kurudi rangi, na Élodie akainama, akaweka uso kwenye mukono wa Donat, akalia bila sauti.

Mutu gani atamuhukumu kwa hapo? Mimi simuhukumu. Mutoto alikuwa anakufa, akamurudisha. Ningekuwa mimi ningefunga midomo kumi.

"Narudi mangaribi," alimwambia Marie-Claire mulangoni. "Hii kitu haiwezi kulala ivi. Kuko waya imechubuka huko juu." Hakumwambia kwamba wagonjwa wasiguse bati. Hakumwambia kuhusu ule waya wa kuanikia nguo, uliofungwa kwenye ukingo wa bati la nyuma na kwenda mpaka kwenye ukuta wa mawe. Alikuwa amepita chini yake mara mia, na hakuufikiria.

Mchana ule aliitwa Lac Vert kwa farmasi iliyokuwa inapoteza dawa zinazotaka baridi. Akamaliza saa kumi. Mvua ikaanza tena, ile mvua yetu inayoanguka kama imetumwa, na hakuna mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu, aliyetaka kumubeba. Akajikinga barazani. Akampigia Marie-Claire, na Marie-Claire akamujibu kwa furaha: mutoto anapumua vizuri, mashini haijazima hata mara moja, Mungu akubariki, Papa.

Sikiliza, hapo ndipo alipoangukia, si asubuhi. Alisikia kwamba mashini imenyamaza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeinyamazisha, lakini sikio lake likapokea kama habari ya kupona. Akajiambia, kesho. Kesho yake ikawa Murara, batri za kanisa. Alhamisi akafunga mufuko wa vyombo kabisa ili aende Keshero, shemeji yake akaja kusalimia kutoka Beni, wakakaa. Simu ya Keshero haikulia, na fundi hazoei kwenda mahali ambapo hakuna anayelalamika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema hivyo kila siku, tena tunawasemea wengine.

Ijumaa mvua ilinyesha alfajiri ikakatika. Jua likatoka vizuri. Élodie alikuwa na rundo la vitambaa vya mutoto. Kwetu mama aliyejifungua hafui. Kuna mama yake, kuna wifi, kuna dada, hao ndio wanaokaa naye kituoni, wanapika, wanafua, wanasema maneno mengi. Élodie hakuwa na hata mumoja. Mama yake alibaki Masisi, na njia ilikuwa imefungwa. Mume wake Émile alikuwa anapasua mawe kule Lac Vert, akija mangaribi na chakula. Wanawake wengine walimwambia awaache wamusaidie, akasema ni vichache, atamaliza. Akafua. Akatoka miguu mitupu juu ya mawe yenye maji, na kitambaa cha kwanza mukononi, akaushika ule waya wa nguo.

Marie-Claire ndiye aliyemutoa kwenye umeme, kwa kumusukuma na benchi la mbao. Alimukandamiza kifua mpaka magoti yake yakachubuka kwenye mawe. Haikufaa kitu.

Donat alipopokea simu hakuuliza swali. Alipanda moto akiwa ameshika mufuko wa vyombo na hajafunga kamba za viatu. Alipofika alipita moja kwa moja kwenye ukuta, akazima mashini yote, akachukua ngazi, akapanda. Panneau ya tisa, safu ya nyuma. Waya ulikuwa umebanwa chini ya ukingo wa bati, upepo umeusugua miezi mingi mpaka ngozi yake ikaisha, na shaba ilikuwa inang'aa pale, wazi, urefu wa ukucha. Ilimuchukua nusu saa kuipata. Nusu saa tu. Akakaa juu ya bati, akashika kichwa, na watu waliokuwa chini wakamuona mabega yanatikisika.

Aliposhuka Marie-Claire alimuvuta kando, nyuma ya tangi la maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Muzee, batu banasema ni radi. Kulikuwa mvula asubuyi, banaamini. Waache."

"Haikukuwa radi."

"Najua. Miye njo nilikuambia ufunge, sitasahau iyo. Lakini bakisikia ni mashini, batafunga hapa. Niko na bamama sita ndani. Bataenda wapi?"

Donat aliuliza habari ya mutoto, kwa sababu mashini ya oksijeni nayo ilikuwa imezimwa na hofu ilimushika ghafla. Marie-Claire akamwambia asiogope. Tangu jana asubuhi mutoto hatumii mashini. Anapumua mwenyewe.

Tangu jana. Fikiria mutu anaambiwa neno hilo. Tangu Alhamisi asubuhi hakukuwa tena na sababu ya ule waya wa kidole. Saa alizokaa na shemeji anakunywa chai, yule mutoto alikuwa hahitaji tena chochote kwake, na umeme ulikuwa unazunguka kwenye bati kwa ajili ya frigo na taa mbili.

Émile alifika saa sita, walimuita kwa simu ya jirani. Alikuwa kijana, mweusi wa vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, nyundo bado mukononi. Walimuingiza kwenye chumba alimolazwa muke wake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka wazee wawili wa kituo walikuwa wameanza kumwambia habari ya radi, mapenzi ya Mungu, na jinsi mwaka huu radi zimezidi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Donat akasimama mbele yake.

"Haikukuwa radi," alisema. "Ni miye."

Marie-Claire akafunga macho.

"Weye njo nani?" Émile aliuliza.

"Miye njo fundi wa courant. Mashini ilikuwa inajizima, ilikuwa inatuambia kuko waya imegusa bati. Mutoto wako alikuwa anakufa. Nikaifunga ile kitu yenye kuizimaka, ili ipate kutumika. Nikasema nitarudi mangaribi kutafuta ile waya. Sikurudi."

Alimweleza yote, polepole, bati, maji, waya ya nguo, kama mutu anayemweleza muteja. Émile alikuwa anasikiliza na kichwa kimeinama upande mumoja. Hakuwa amesoma umeme, lakini kupasua mawe kunamufundisha mutu kutafuta mahali ufa ulipoanzia.

"Kama hungeifunga, mutoto angekuwa wapi?"

"Angekufa. Nazania angekufa."

"Na kama ungerudi iyo mangaribi?"

Donat alitaka kusema habari ya mvua. Maneno yalikuwa yamejipanga mudomoni: mvua, Lac Vert, shemeji, njia. Aliyaona ni uchafu, akayameza.

"Bangekuwa bazima bote wawili," alisema.

Wazee walisogea karibu, maana walidhani Émile atamupiga na ile nyundo. Donat mwenyewe alidhani hivyo, na kama ungemuuliza saa ile, alitaka. Émile aliiangalia nyundo, akaiweka chini kando ya ukuta. Akaingia materniti. Akatoka na mutoto amefungwa kwenye kitenge cha Élodie, amemushika vibaya, kichwa hakina egemeo, kama wanavyowashika wanaume wasiozoea.

Akaangalia huku na huku uani. Wanawake walikuwa na watoto wao mikononi. Marie-Claire alikuwa ameitwa ndani, mama mumoja alikuwa anasukuma. Mama yake Émile hayupo, wifi hayupo, Masisi ni mbali na njia imefungwa. Kulikuwa na muke wake chumbani wa kuoshwa na kufungwa, na kaburi la kutafutwa, na kaburi kwa mawe yetu linapasuliwa kwa nyundo, si jambo la mutu kuagiza.

Akarudi mpaka mbele ya Donat, akanyoosha mikono.

"Mushike," alisema. "Sina mwengine."

Donat akamushika. Hakujua aweke wapi mikono yake. Mutoto alijinyonganyonga, akatafuta ziwa kwenye shati la muzee, hakupata, akaanza kulia, kilio kidogo lakini chenye nguvu, cha mapafu mazima.